Jina Nililomtajia Madamu

Wiki iliyopita, katika ofisi ndogo ya mpakani, askari wa uhamiaji alinifungulia kibati cha wino ili niweke kidole gumba kwenye fomu, kwa sababu mashine yao ilikuwa imekufa. Harufu ikanipanda puani: wino wa zambarau, mkali kidogo na mtamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagikiwa na mafuta ya taa. Askari akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, ni uchovu wa safari. Jibu hilo nimelitumia miaka mingi. Nimeishi Juba, nimeishi Bunia, nimeuza vitenge Kisangani, nimepika katika kambi za wachimba dhahabu, na kila anayeniuliza kwa nini situlii mahali pamoja humwambia ni safari tu. Lakini harufu ile naijua ilikotoka. Ilitoka katika chumba kimoja cha Arua, nilipokuwa na miaka tisa, siku wazazi wangu walipoweka vidole vyao chini ya karatasi iliyosema nani atakaa na nani.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mjini Arua: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Keji aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Baba alikuwa mwashi, Mkakwa wa Abuku, upande wa Koboko. Mama alikuwa Mlugbara wa Adumi, akishona nguo kwenye veranda ya duka moja sokoni. Baba hakujua Kilugbara cha kutosha kugombana, na mama hakujua Kikakwa cha kutosha kubembeleza, kwa hiyo nyumbani kwetu mapenzi na matusi yote yalisemwa kwa Kiswahili. Kiswahili cha baba kilikuwa kile cha kambi za askari, kifupi, kisicho na adabu nyingi. Sisi wa rika hili, tuliorudi kutoka ukimbizini Kongo tukiwa migongoni mwa mama zetu, tunakijua vizuri. Kila neno ndani yake hufanana na amri, hata karibu chakula.

Mchana mmoja baba alirudi kutoka kazini mapema akiwa amelewa. Mama alikuwa na sare za shule za kumalizia na moto ulikuwa haujawashwa. Hawakusemezana sana. Baba alimshika mama mkono mlangoni, akaupindisha, na mimi niliyekuwa nachambua maharagwe nikasikia mlio. Aliyewahi kuvunja muhogo mkavu kwa goti anaujua mlio huo. Baba mwenyewe aliusikia. Aliuachia mkono, akautazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyeuvunja, kisha akatoka.

Jirani alimpakia mama kwenye baiskeli mpaka hospitali ya Kuluva, nami nikafuata kwa miguu nusu ya njia hadi lori likanihurumia. Nilimkuta mama kwenye benchi akingoja kufungwa plasta. Alikuwa amemwambia muuguzi kwamba aliteleza akibeba maji.

"Poni," aliniambia kwa sauti ya chini, "habari ya mkono hii hapana ambia mutu. Hata bibi yako, dede. Hata wajomba."

"Kwa nini?"

"Wajomba zako wakijua, watabeba mapanga waende Abuku. Watu wa Abuku nao hawatakaa tu. Watu watakufa kwa sababu ya mkono ambayo itapona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

Nikaapa kwa jina la Mungu, nikiwa nimeshika ukingo wa benchi. Lazima msomaji akikumbuke kiapo hiki, maana ndicho kilichonibana baadaye.

Plasta ilipokauka mama alitufunga mizigo, akatupeleka Adumi kwa kaka yake, Mjomba Adriko, na kwa dede, bibi yetu mzaa mama. Alisema amechoka na mji, basi. Mkono ulipona vibaya. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake havikukunjika tena. Hakuna aliyeuliza sana, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyerudi nyumbani akiwa kimya haulizwi, analishwa.

Huko Adumi ndiko nilikojifunza lile lililokuja kunikosesha. Mbuzi wa jirani aliibwa, na baraza likakaa kwenye uwanja wa shule. Wanaume walibishana mpaka wakachoka, kisha wakamwita Candiru, msichana wa umri wangu ambaye siku hiyo alikuwa porini akiokota kuni. Walimpandisha juu ya kinu kilichopinduliwa ili aonekane. Mwenyekiti hakumuuliza habari ndefu. Alisema tu, "Taja jina." Candiru akasema, "Ezama." Ezama alikuwa kijana mcheshi aliyezoea kutukatia miwa. Walimchapa palepale mbele ya mama yake, na kabla ya wiki kuisha alikuwa amehama.

Nilimuuliza dede kwa nini walimwita mtoto wakati wakubwa wamejaa pale.

"Mtoto hasemi mbele ya wakubwa," dede alisema, akiendelea kupepeta mtama. "Wakimwita, ni kwa jina moja tu. Mwenye jina hilo amekwisha."

Nikaiweka hiyo kichwani kama sheria ya nchi. Kwa miaka yangu tisa sikuwa nimeona mfano mwingine wowote wa kuipinga.

Baba alikuja Adumi mara mbili na watu wa ukoo wake kutaka mama arudi. Mama alikataa mara mbili. Ndipo baba alipokwenda kwa hakimu wa Arua kudai watoto, na hakimu, kabla hajasikiliza neno, akawaambia waende kwanza kwa mpatanishi wakazungumze. Wakishindwa huko warudi kwake. Mpatanishi alikuwa Madamu Ayikoru, mwalimu aliyestaafu, ambaye alipewa chumba nyuma ya kanisa kwa kazi hiyo. Wote walimwita Madamu, hata wazee waliomzidi umri.

Mikutano miwili ya kwanza sisi watoto hatukupelekwa. Nilichojua nilikisikia kwa Mjomba Adriko, aliyerudi kutoka mkutano wa kwanza akiwa amevimba kwa hasira. Madamu alikuwa amewaweka watu wa koo zote mbili nje, upande wa kivuli, na kuingia ndani na mume na mke peke yao.

"Kuoa kulikuwa kwa koo mbili," mjomba alilalamika. "Watu walikula, watu walicheza. Leo kuachana iko ya watu wawili na rula."

"Rula gani?" dede akauliza.

"Rula ya shule. Anayeshika rula ndiye anasema. Mwingine anafunga mdomo. Muulize huyu."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu tuhamie pale. Alisema baba aliposhikishwa rula alikaa nayo muda mrefu bila neno, akiigeuzageuza kama anatafuta ilipovunjika, na Madamu akangoja tu. Alipopata neno akaanza habari ya ng'ombe aliotoa, na kwamba mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Madamu akamwambia, "Hapa hatuhesabu ng'ombe, Lado. Nimeuliza mtoto akiugua, nani ataamka." Baba akairudisha rula mezani.

"Na wewe ulisema nini?" dede alimuuliza mama.

"Nilisema wabaki na mimi."

"Ulisema kwa nini?"

Mama alitazama upande wangu. "Nilisema mimi ni mama yao."

Kwa hiyo habari ya mkono haikusemwa hata kule. Nadhani Madamu aliona vile vidole viwili vilivyosimama. Labda aliuliza na mama akajibu kwamba aliteleza akibeba maji. Watu wawili waliokaa chini ya rula moja, mmoja akificha alichofanya, mwingine akimsaidia kuficha.

Mkutano wa tatu ulikuwa wangu. Jioni ya siku iliyotangulia mjomba alisema, "Kesho ni kesi, mtoto aoge," nami nikaoga kama mtu anayekwenda kesi. Njiani hakuna aliyenieleza lolote. Baadaye nilikuja kujua kwamba Madamu mwenyewe ndiye aliyewakataza: wazazi wasimfundishe mtoto la kusema, wasimtishe, wasimhonge. Walimtii wote wawili kwa uaminifu mkubwa. Ningependa mmoja wao angekuwa mkaidi siku ile.

Chumba kilikuwa cha tofali, kimegawanywa katikati kwa ubao mwembamba. Niliingizwa peke yangu. Palikuwa na meza, rula ile, daftari, karatasi za kaboni, na kibati cha wino kilichokuwa wazi. Madamu alikuwa mnene, mwenye sauti ya kulaza watoto. Alinikalisha kwenye kiti kirefu, miguu yangu ikaning'inia. Nikafikiria kinu cha Candiru.

"Poni, mimi si hakimu," alisema. "Hapa hakuna mutu atafungwa. Usiogope."

Nilikuwa nimeshachomwa sindano nyingi na watu waliosema haiumi.

"Unachosema kitakaa hapa. Baba yako nitamwambia tumekubaliana nini, lakini sitamwambia wewe umesema nini. Mama yako vilevile. Unanielewa?"

"Ndiyo, Madamu."

Alifuta jasho la shingoni. Leo, nikiwa mtu mzima, najua alikuwa akitafuta namna ya kuuliza bila kuumiza. Hakutaka kumwambia mtoto wa miaka tisa achague kati ya mama na baba. Alijua uzito wa swali hilo, kwa hiyo akalifunika kwa upole wote aliokuwa nao.

"Nadhani moyoni mwako iko jina la mutu moja," alisema. "Sitauliza sababu. Niambie hilo jina tu, na mimi nitajua la kufanya."

Nikaona nafuu. Huyu mwanamke alikuwa anajua. Alikuwa ameuona mkono wa mama, kama wakubwa wanavyoona kila kitu, na sasa alihitaji jina. Nilikuwa nimeapa kutosema habari ya mkono, lakini jina si mkono. Mungu asingenidai. Na kama aliyeuvunja angekamatwa na serikali, wajomba wasingehitaji mapanga. Nilipima yote hayo katika muda mfupi sana, nikajiona nina akili kuliko wote waliokuwa nje pale kivulini.

"Baba," nikasema.

Madamu aliinua macho. "Baba?"

"Baba. Lado Yosefu, mwashi, wa Abuku." Nilitaja kila kitu ili wasije wakakosea mtu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Aliandika. Kalamu yake ilikwenda polepole. Kisha alinipa njugu kwenye kipande cha gazeti, akanipeleka nje kwa mlango wa nyuma, akawaita wazazi wangu. Nilikaa chini nikala njugu zangu moja moja, nikisubiri polisi.

Polisi hakuja. Walitoka wao wawili, vidole gumba vyao vikiwa vya zambarau, kila mmoja na nakala yake ya karatasi. Keji, ambaye alikuwa mdogo mno kuulizwa, alikuwa mgongoni mwa mama. Mama alipiga magoti mbele yangu. Alinifunga kifungo cha gauni kilichokuwa tayari kimefungwa.

"Sawa, Poni," alisema. "Sawa, mwanangu. Mimi hapana kasirika."

Sikuelewa angekasirikia nini. Kisha baba akanishika mkono, na tukaanza kutembea, mimi na yeye peke yetu, kuelekea barabara ya Koboko. Nilidhani nimepewa kazi ya kumsindikiza. Nilijua kwamba mfungwa lazima awe na mtu wa nyumbani wa kumpelekea chakula, na nikaona ni haki, maana ni mimi niliyemtaja. Tulipanda lori la muhogo. Kila lori liliposimama kwenye kizuizi, nilitazama sare za askari na kungoja waseme jina lake. Walipokuwa wakitupungia tupite, nilifikiri watamkamatia mbele, Koboko, karibu na kwao. Tulishuka, tukatembea mpaka Abuku, tukapewa maji ya kunawa, tukala. Nililala nikiwa bado nasubiri.

Siku chache baadaye shangazi yangu Kiden, dada mkubwa wa baba, alikuwa akimenya muhogo naye nje ya jiko. Mimi nilikuwa ndani nikichochea moto, wakadhani moshi unaziba masikio.

"Mtoto wa kike kuchagua baba," shangazi alisema. "Hiyo mimi sijaona tangu nizaliwe."

"Madamu hakusema kitu," baba akasema.

"Aseme nini? Asingetaja wewe, usingepewa. Ulimpa dawa?"

Baba hakucheka. Kisu chake kilisimama. "Kiden, mimi nilifanya mambo mubaya katika nyumba ile. Mambo wewe hujui. Huyu mtoto anajua, aliona na macho yake. Na bado alisema mimi." Akarudia kumenya. "Hapana ongea na mimi habari ya dawa."

Nilikaa na kijiti cha moto mkononi mpaka kikaniunguza. Hivyo ndivyo nilivyojua Madamu alikuwa ananiuliza nini. Nilijua pia kile magoti ya mama yalichokuwa yakisema mavumbini.

Ningeweza kutoka jikoni na kusema ukweli. Nimelifikiria hilo katika nyumba nyingi za wageni. Lakini baba alikuwa ameacha pombe. Hakutangaza, aliacha tu, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Alifua sare yangu mwenyewe siku za Jumapili, akiikamua kwa mikono ile mikubwa mpaka vifungo vikatoka. Alijifunza kunisuka nywele, vibaya, na shangazi alizifumua kila mara alipotupitia akisema nimefanana na shamba lililopitiwa na nguruwe. Mtu huyu alikuwa amejengwa upya juu ya neno moja, na neno hilo lilikuwa la kumfungia gerezani. Mwashi anajua nyumba ya namna hiyo huishia vipi. Sikuwa na moyo wa kumwonyesha msingi.

Karatasi ilisema mama aje kuniona kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Koboko mjini, na mtu mmoja wa upande wa baba awepo. Mtu huyo alikuwa shangazi Kiden. Tulikaa nyuma ya duka la rafiki yake, watatu kwenye benchi na Keji chini akila udongo. Mama alikuja kila mwezi bila kukosa, akiteremka kwenye malori ya watu akiwa na vumbi la njia nzima. Aliniletea nguo alizoshona kwa ule mkono wake. Mishono ilikuwa imepinda kuelekea upande mmoja.

"Habari ya kwenu?" aliniuliza mara ya kwanza.

Kwenu. Alikuwa akizungumza nami kama na binti wa jirani anayeheshimiwa. Alimshukuru shangazi kwa kunitunza. Hakunigusa kabla mimi sijamgusa.

"Mama," nilisema mwezi wa pili, nikiwa nimejikaza njia nzima, "mimi nilifikiri Madamu anataka..."

"Poni anasoma vizuri siku hizi," shangazi alidakia.

"Usijieleze," mama aliniambia upesi. "Mimi nilikuzaa na akili yako. Ulisema ulichosema."

Ningemwambiaje mbele ya shangazi kwamba nilidhani natoa jina la mvunja mkono? Ingebidi niseme mkono. Na kiapo kilikuwa pale pale kwenye benchi, kati yetu, na vile vidole viwili vilivyosimama vikiwa juu ya mapaja yake. Miezi ikapita namna hiyo. Mazungumzo yetu yakawa mafupi na ya adabu, na Keji akaanza kuniita dada mgeni.

Faraja yangu ilikuwa mstari mmoja wa mwisho katika karatasi, ambao baba alinisomea mara nyingi kwa sababu aliuogopa. Ulisema mwaka ukiisha pande zote zirudi kwa Madamu, mtoto asikilizwe tena. Niliusubiri mwaka ule. Safari hii nilijua kazi ya jina.

Asubuhi ya safari nilimkuta baba amepanga vitu vyangu vyote katika sanduku la mbao: nguo, madaftari, sahani yangu, hata ule ufagio mdogo niliojitengenezea.

"Kwa nini umefunga vyote?" nikauliza.

"Kwa sababu mutu anaweza kubadilisha neno," alisema. "Ukibadilisha, hapana rudi tena huku kufuata sahani." Akalibeba sanduku kichwani mpaka barabarani, akakataa nimsaidie.

Chumba kilikuwa kilekile. Baba akabaki nje ya mlango wa mbele na sanduku lake. Mama, niliyemwona kwa mbali tu, aliingizwa upande wa pili wa ule ubao.

"Poni," Madamu alisema, "mwaka jana sikukuuliza wazi, na sikulala vizuri. Leo nitauliza wazi. Unataka kuishi na nani?"

"Mama," nikasema, kabla hajamaliza kuvuta pumzi. "Hata mwaka jana nilikuwa nataka mama. Nilikosea."

Hakuniuliza nilikosea vipi. Aliiweka kalamu mezani. "Kwa hili lazima nizungumze na mama yako. Unaniruhusu nimwambie ulichosema?"

Nikakubali. Akatoka, akazunguka upande wa pili. Ubao ule ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani.

"Amekutaja wewe," nilisikia akisema.

"Madamu," mama alisema, "leo nilikuja kukuambia naenda Ariwara. Iko mwanamume huko, ana duka, anataka kunioa. Kwa kaka yangu siwezi kukaa tena, mke wake amechoka na mimi. Na huyu mwanamume amekubali Keji tu. Keji hana kumbukumbu, atamwita baba. Huyu mkubwa yeye alimkataa."

"Umemwambia kwamba wako wawili?"

"Nilimwambia mmoja alishachagua baba yake." Sauti yake ilikatika. "Si ndivyo ilivyokuwa? Mwaka mzima nilijua ndivyo ilivyokuwa. Sasa unaniambia nini, Madamu? Nikupe rula unirudishie mwaka?"

Nilimsikia Madamu akivuta kiti akikaa karibu naye, kisha sauti za wanawake wawili, moja ikilia na nyingine ikiinyamazia.

Aliporudi kwangu alikuwa amebeba daftari kifuani kama ngao. Alianza kunieleza kwa maneno yake ya kulaza watoto, nikamwambia nimesikia. Alifunga daftari. Karatasi itabaki ilivyokuwa, alisema, na kuhusu Jumamosi tutaona, maana Ariwara ni ng'ambo ya mpaka, Kongo. Akauliza kama nataka amwambie baba lolote. Nikasema hapana.

Mama hakutoka kuniaga. Leo simlaumu. Nilitoka kwa mlango wa mbele.

Baba alikuwa amesimama. Sanduku lilikuwa chini, mbele ya miguu yake, na alikuwa amelifungua na kulifunga tena mara nyingi, kwa sababu kamba ilikuwa imelegea. Hakunisogelea.

"Umetaja nani?" aliuliza. Hakupaswa kuuliza. Madamu alikuwa amemkataza.

"Wewe," nikasema.

Alianza kukaza kamba ya sanduku, fundo juu ya fundo, polepole, akiwa amenipa mgongo. Alipolibeba kichwani tukashika barabara. Aliongoza mbele na hakugeuka mpaka tulipofika kwenye malori.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimaliza sekondari, nikaanza kuondoka, na kila nilipoondoka alinisindikiza bila kuuliza nitarudi lini, kama mtu ambaye tayari amepewa zaidi ya alichostahili. Alipofariki nilikuwa Juba. Niliwahi mazishi Abuku nikiwa na vumbi la njia nzima. Watu walikuwa wengi, na nyuma kabisa, pamoja na wanawake wa Koboko, alikuwa amesimama mama, mvi kichwani, amekuja kutoka Ariwara na Keji ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko sisi wote.

Katekista alisoma maisha ya marehemu. Alisema alikuwa mwashi, alisema alijenga nusu ya madarasa ya huku, alisema aliacha pombe. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Na neno moja marehemu mwenyewe aliniomba nilitangaze," alisema. "Kwamba alipoachana na mke wake, binti yake aliulizwa mara mbili, na mara mbili alimchagua yeye. Alisema hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Ni kweli au si kweli, ndugu zangu?"

Watu waligeuka kunitazama. Nilimtazama mama, mtu pekee pale aliyekuwa upande wa pili wa ule ubao siku ile. Aliutazama udongo uliofukuliwa, akauweka mkono wake wenye vidole vilivyosimama juu ya bega la Keji.

"Kweli," alisema mama, kwa sauti iliyofika mbele. Na wote wakaitikia kweli.